Keki ya Chokoleti kwa Marashi ya Mawaridi

Mama yetu alipotufikia hapa Maskati baada ya kumaliza eda, hakuwa akila ila chai na mkate mkavu. Kwa kuwa siku zote alipenda chokoleti, niliazimia kumpikia keki yenye marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdhar. Dada yangu akanionya: kwetu Unguja marashi hurashiwa wageni wa harusi, lakini hurashiwa kaburi pia. Je, mama angeikumbuka siku ipi?

Mawaridi ya mlima huo huchumwa mwezi wa Aprili, mapema asubuhi, kisha hutokoswa juu ya matanuri ya udongo. Marashi ya kienyeji huwa na harufu ya moshi, nayo hupatana mno na uchungu wa kakao.

Niliyeyusha gramu 200 za chokoleti nyeusi pamoja na gramu 150 za siagi, nikachanganya na mayai 4 yaliyopigwa kwa gramu 150 za sukari, na vijiko 3 vya unga. Nilitia na karafuu 2 zilizosagwa. Maana karafuu nayo ni ua, tumba lililochumwa kabla ya kuchanua. Joko nyuzi 180, dakika 25. Marashi sikuyapika, kwani moto huifukuza harufu; niliinyunyizia keki vijiko 2 ilipopoa. (Yawe marashi ya kupikia, si ya kujipaka.)

Mama alinusa, akanyamaza kitambo. Akala kipande, akakata cha pili.

“Marashi umeyafanyia ubahili,” akasema.