Mbwa alishahasiwa, juu ya nini angali anakojolea mu nyumba?

Mwenzetu moja wa sendika alitoka Kamituga kisha miezi mitatu mu shimo. Kufika kwake Kadutu, mbwa alimupokea na furaha, akanusa mabuti, akanusa mufuko wa nguo, kisha akainua muguu akaukojolea palepale, mbele ya watoto. Baba akakamata fimbo. Mama akamwambia: «Baba Furaha, wacha. Usiku wewe hauko hapa, ni huyu njo anatulinda.»

Wengi wetu tunajua kisa kama hiki. Tulilipa munganga wa wanyama ahasi mbwa dume, tukazani mambo imeisha. Sasa tunajiuliza kama feza ilipotea bule. Hapana, haikupotea. Mu 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, walichapisha uchunguzi juu ya mbwa 57 waliohasiwa wakiwa wakubwa. Kwa wale waliokuwa na tabia hii, karibu 6 kati ya 10 waliipunguza nusu ao zaidi. Wengine walibaki nayo: kuhasi kunaondoa nguvu ya udume mu damu, lakini hakufuti tabia hii kwa kila mbwa.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Mbwa mwenye kubanwa na mukojo anamwanga mingi chini. Mbwa anayeweka alama anainua muguu, anarusha kidogo tu ku ukuta, ku muguu wa kitanda, ku kitu kipya. Ni kama kusema: «Hapa ni kwetu.» Na sisi wachimbaji, tunamuletea kitu kipya kila safari! Mabuti yetu yanabeba harufu ya Kamituga, ya Nyabibwe ao ya Nzibira, na ya mbwa wa kule. Huyu wa nyumbani anaijibu.

Kwa hiyo tufanye hivi. Ukirudi, mabuti, mufuko na nguo za kazi vibaki inje, vitundikwe juu. Mutoe mbwa asubuhi sana, kisha kula, na mbele ya kulala. Akikojoa inje, mumusifu palepale, mumupe kipande cha chakula. Mu nyumba asizunguke yeye peke yake: mumuchunge, ao mumufunge pembeni yenu kwa wiki kazaa. Mukiona ananusanusa ukuta, mumwite kwa sauti ya upole, mutoke naye.

Pale alipokojolea, harufu isibaki, sababu itamurudisha. Mupanguse, muoshe na sabuni na maji, kisha mupitishe vinegre iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kama chini ni udongo, mukwangue ule uliolowa, muweke mwingine mukavu. Lakini tuangalie Javel: ikikutana na amonia ya mukojo inatoa gazi inayouma macho na mapafu. Javel na vinegre pia musichanganye hata siku moja. Sisi tunaojua hewa mbaya ya shimo, tusiitengeneze mu chumba cha watoto.

Fimbo haisaidie. Mbwa anayepigwa anajifunza kuogopa mutu, kisha anakojoa kwa kujificha, chini ya kitanda ao nyuma ya mufuko wa unga. Kumusukuma pua mu mukojo ni vilevile. Na woga unaweza kumufanya aume mutoto.

Tena kuna ugonjwa. Kama tabia ilianza gafula, mukojo una damu, ao anakojoa kidogokidogo kila wakati, mumupeleke kwa munganga wa wanyama. Kama anajikaza na hakuna kinachotoka, musingoje kesho: jiwe linaweza kuwa limeziba njia, na mbwa anaweza kufa. Mukojo unaweza pia kubeba leptospirose, ugonjwa unaokamata watu. Watoto wasiuguse, na anayesafisha anawe mikono na sabuni.

Baba Furaha alitundika mabuti inje, akaonyesha mama kazi ya vinegre. Mbwa alichukua wiki kazaa, na mara moja moja anasahau. Lakini siku baba alipopanda tena Kamituga, mbwa alibaki mulangoni, na watoto walilala.