Mwendo wa Farasi Asiyekuwepo

Kwenye mifereji ya Uingereza boti hairuhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na ushei. Hata huo ni mwendo wa wenye haraka. Wazoefu huenda taratibu zaidi, na wakifika penye boti zilizofungwa ukingoni hupunguza mpaka injini inaunguruma kwa mbali tu, maana wimbi dogo linatosha kung'oa vigingi na kummwagia mwenye boti chai yake. Bibi anayetembeza mbwa kando ya maji huwapita, akasimama kuzungumza na mvuvi, wakampita, akawapita tena. Na bado kila kiangazi maelfu ya wanandoa, wengi wao wastaafu, hufungua kamba na kwenda zao kwa mwendo huo, wiki sita, miezi mitatu, katika safari ambayo gari lingeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Aliyeuweka mwendo huo ni farasi. Mwaka 1761 mfereji wa Duke wa Bridgewater ulianza kupeleka makaa ya mawe Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka kwa karibu nusu. Farasi aliyekuwa akihangaika na mkokoteni kwenye barabara za matope sasa aliweza kuvuta tani 25 majini bila kutoka jasho jingi. Fundi wa kazi ile, James Brindley, ambaye darasani hakukaa sana, ndiye pia aliyetoa kipimo kinachotawala maisha ya wasafiri wa leo. Alipoanza mfereji wa Trent na Mersey mwaka 1766 ilimbidi apenye kilima cha Harecastle, na handaki pana lingewafilisi wote waliotia fedha zao. Akakata shauri: futi saba, basi. Handaki lilikula miaka kama 11, Brindley akafa mwaka 1772 kabla halijaisha, lakini kipimo chake kikabaki.

Ndiyo maana boti hizi, ziwe mpya namna gani, zina upana wa mita 2 na sentimita chache, karibu sawa na Coaster ya abiria, ila urefu unaweza kufika mita 22. Ndani ya uchochoro huo wa chuma mna kitanda, jiko la kuni, meza, bafu, friji na rafu ya vitabu. Watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Wanandoa walionuniana hawana chumba cha kwenda kununia.

Na hao wana bahati. Reli zilipoanza kunyang'anya mifereji mizigo katika karne ya 19, wenye boti walishindwa kulipa vibarua na kodi ya nyumba kwa pamoja, wakahamishia familia majini. Mume, mke na watoto waliishi katika kibanda cha nyuma chenye urefu wa mita 3 hivi, kwa sababu sehemu yote iliyobaki ilikuwa ya makaa. Kitanda kilikuwa ubao unaoshushwa usiku na kupandishwa asubuhi. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1877, na nyingine mwaka 1884, ili boti ziandikishwe, idadi ya wanaolala humo iwekewe kikomo na wakaguzi wapite. Watoto shule waliisikia tu, kwa kuwa boti haikukaa mahali pamoja wiki nzima. Zilipokuja injini, boti zikawa zinakwenda mbili mbili: mume kwenye yenye mashine, mke nyuma yake kwenye inayovutwa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukimenya viazi.

Ni watu hao waliochora mawaridi na makasri kwenye milango na ndoo zao, wakang'arisha shaba mpaka ikawa kioo na kutundika sahani zenye kingo za matundu kama lesi. Leo ndoo zenye maua hayo huuzwa kwenye maduka ya ukingoni, na hukaa juu ya paa la boti ya likizo zikiwa tupu, kwani maji yako kwenye bomba. Mapambo ya watu ambao kupumzika kwao kulikuwa ni kusubiri mzigo yamegeuka kuwa alama ya mapumziko.

Walioyafanya maisha haya yatamaniwe na watu wa nchi kavu walikuwa bwana na bibi arusi. Mhandisi L. T. C. Rolt alimwoa Angela mwezi Julai 1939, na mwezi huohuo wakaondoka Banbury na boti yao ya mbao, Cressy, iliyowahi kubeba mizigo kabla ya kuwekewa makazi, pamoja na bafu la kuogea ambalo lilikuwa kioja kwa watu wa mifereji. Vita ikawakuta majini. Kitabu alichoandika Rolt kuhusu safari ile kilitoka mwaka 1944, wasomaji waliochoshwa na mabomu wakakipokea kwa mikono miwili, na mwaka 1946 Rolt na Robert Aickman wakaanzisha chama cha kutetea mifereji isifukiwe. Ndoa yenyewe ilikwisha mwaka 1951; Angela alikwenda kujiunga na sarakasi. Biashara ya mizigo nayo ilivunjika mgongo katika baridi ya 1962 na 1963, barafu ilipozifunga boti kwa majuma na wateja wakahamia kwenye malori. Siku hizi mifereji na mito kama kilomita 3,200 iko chini ya Canal & River Trust, shirika lisilo la faida lililoanza kazi mwaka 2012, na boti zenye leseni zinapita 30,000.

Kazi halisi ya wanandoa wa leo huonekana kwenye loki. Loki ni chumba cha mawe chenye milango mizito kila upande, ngazi ya kupandishia boti kilimani kwa maji. Tuseme wanapanda. Mume, mara nyingi ni yeye, yuko tezi ameshika usukani. Mke amekwisha kuruka ukingoni na mkono wa chuma uliopindwa mfano wa herufi L. Boti inaingia, kushoto na kulia nafasi ya kiganja tu. Mke anafunga milango ya nyuma kwa kuegemeza makalio kwenye boriti na kurudi kinyumenyume, kwa sababu mikono peke yake haiwezi. Anakwenda mbele, anavika chuma chake kwenye gia, anazungusha nusu: vilango vya chini vinafunguka kidogo, maji yanachemka, boti inasogea na kurudi. Anangoja. Mume akinyanyua kidole gumba ndipo anapozungusha nusu iliyobaki. Baada ya kiasi cha dakika tano, paa la boti lililokuwa chini ya miguu yake liko usawa wa magoti, na mlango uliokuwa haukubali kusogea unafunguka kwa kuegemewa tu.

Kushuka ndiko kwa hatari. Chini ya maji, nyuma ya boti, pana kizingiti cha mawe kinachoshikilia milango ya juu. Maji yakipungua na tezi ikakipanda kizingiti hicho, omo huendelea kushuka na boti huzama humo humo chumbani. Mstari mweupe umechorwa ukutani kuonyesha mwisho wake, na mwenye mkono wa chuma hapaswi kuuondolea macho. Kelele hazisaidii, injini inaungurumia miguuni mwa nahodha. Kwa hiyo kila ndoa huzua ishara zake za mikono, na wengine wamenunua redio za kuvaa kichwani. Kwa nini mke ndiye anayesukuma vyuma na mume asimame tu? Swali hilo huulizwa na kila mpita njia. Wengi hujibu kwamba mume anaogopa kuiacha boti ikwaruzwe na mtu mwingine, na pengine ndiyo ilivyo, ingawa wapo wanaobadilishana kila siku na wanawake wanaopitisha mita 20 za chuma chini ya daraja jembamba bila kugusa tofali.

Waigizaji Timothy West na mkewe Prunella Scales, wakiwa na umri wa karibu miaka 80, waliyaonyesha hayo kwenye televisheni kuanzia mwaka 2014. Bibi alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, nao hawakuficha. Boti iligonga kingo, wakacheka, wakaendelea.

Kwenye mfereji wa Kennet na Avon loki ni pana, boti mbili huingia ubavu kwa ubavu, na desturi ni kusubiri mwenzako. Penye kilima cha Caen, mjini Devizes, loki 29 zimefuatana katika kilomita kama 3, kazi ya saa tano au sita. Wanandoa wawili wasiojuana hukutana pale chini asubuhi, wakafunga boti pamoja, na kufika juu alasiri wakijua habari za wajukuu, magoti na mikopo ya kila mmoja.

Adabu nyingine zote zinatokana na maji. Kila boti inayopita loki nyembamba hushusha zaidi ya lita 100,000 kutoka juu ya kilima, na juu kule hakuna mto, kuna mabwawa. Kwa hiyo ukiikuta loki imejaa na boti nyingine inakuja kutoka juu, huimwagi. Unamngoja aje aitumie. Anayeimwaga mbele ya macho ya mwenziwe habari zake hufika kijiji kijacho kabla yake. Kiangazi cha 2025 ukame ulifunga sehemu kubwa za mfereji wa Leeds na Liverpool, na waliokuwa safarini wakabaki walipokwama.

Jioni wakipata nafasi, hupigilia vigingi na kutoa viti. Mwezi Juni saa tatu usiku jua bado lipo. Injini huzimwa ifikapo saa mbili usiku, isiwashwe hadi saa mbili asubuhi. Mazungumzo? Choo. Choo cha kopo la kwenda kumwaga, choo cha kunyonywa kwa bomba, choo cha kutengeneza mboji: watu waliowahi kuwa wahasibu na walimu wakuu hulijadili jambo hili kwa kirefu, huku wakila.

Jambo la pili ni la moto zaidi. Kando ya wasafiri wa kiangazi wapo wanaoishi majini mwaka mzima, wengine kwa kupenda na wengine, hasa London, kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Asiye na gati lake, sheria ya 1995 inamtaka asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Tangu Aprili 2024 watu hao hutozwa nyongeza kwenye leseni. Mstaafu mwenye gati huona ni haki, kwani wao ndio wanaotumia mfereji siku zote. Kijana mwenye mtoto na baiskeli tatu juu ya paa huona anafukuzwa kwa ankara. Mahali pa kubishania ni kwenye bomba la maji, ambapo wote hupanga foleni, na mabomba mengi huchukua saa nzima kujaza tangi moja.