Kisima Kilichohama Mita 300

Mhandisi wa maji anaporudi ofisini, akaingiza vipimo vya kipokezi chake cha GPS kwenye kompyuta na kukuta kisima kimeangukia kitongoji cha jirani, wa kwanza kulaumiwa huwa setilaiti. Mara nyingi zinaonewa. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kipokezi cha mkononi chini ya anga wazi hukosea mita 5 hadi 10 hivi. Kosa la mita 300 lina chanzo kingine: datamu.

Dunia si tufe kamili, kwa hiyo wapimaji hukubaliana kwanza juu ya umbo la kukokotolea na jinsi ya kulifungamanisha na ardhi. Makubaliano hayo ndiyo datamu. Ramani nyingi za karatasi za Tanzania na Kenya, za kipimio cha 1:50,000, zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, inayotumia umbo lililokokotolewa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880. GPS hutumia WGS 84. Kisima kimoja basi kina majiranukta ya aina mbili, yote sahihi, yanayopishana kwa takriban mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Namba haitakuambia yenyewe ni ya datamu ipi.

Programu ya ramani nayo haiwezi kukisia. Katika QGIS, ambayo ni ya bure, kila tabaka hutambulishwa kwa namba ya mfumo wake: 32737 ni WGS 84 kwa kanda ya 37 kusini (kanda ni vipande ambavyo dunia imegawanywa kutoka magharibi kwenda mashariki), 21037 ni Arc 1960 kwa kanda hiyohiyo. Ukichagua moja badala ya nyingine, programu itachora bila kulalamika, na kisima kitahama.

Kanda nazo ziangaliwe, hasa kwetu Tanzania, kwa kuwa nchi imelalia kanda tatu: Kigoma mjini iko ya 35, Dodoma ya 36, Morogoro ya 37. Kukosea kanda moja ni kuhamisha nukta zaidi ya kilomita 600. Kosa hilo angalau linaonekana. Lile la mita 300 ndilo la hatari, maana nukta hubaki katika kata ileile na hakuna anayeshtuka.

Kinga bora ni kutonakili namba kwa mkono. Faili la GPX linalotoka kwenye kipokezi huwa katika WGS 84, hata kama kioo kimewekwa kuonyesha Arc 1960; lihamishe kwa waya jinsi lilivyo. Ukilazimika kuandika, kumbuka kwamba nyuzi 6 na dakika 48 si 6.48 bali 6.8, na tofauti hiyo ni zaidi ya kilomita 35. Kusini mwa ikweta weka alama ya kutoa, la sivyo nukta ya Dar es Salaam itatua Ethiopia.

Mipaka ya viwanja mwachie mpima ardhi mwenye vifaa vyake. Mita 5 zinatosha kuzusha kesi. Kwa visima, shule na zahanati, kipokezi cha mkononi kinafaa kabisa. Ila ninawaomba wote wanaojaza daftari za wilaya: kando ya kila majiranukta, andikeni datamu na kanda.