Umetapeliwa Mtandaoni? Usifute Chochote Kwanza

Tuseme ni mwezi wa tatu, uko Moiben, nje kidogo ya Eldoret. Shamba liko tayari na mvua imekaribia. Kwenye Facebook unaona ukurasa unaouza mbolea kwa bei ya chini kuliko duka lolote mjini. Unasoma maoni ya watu wanaosema wameletewa, unatuma pesa ya magunia kumi. Nusu saa baadaye umeblokiwa. Mbolea hakuna, na aibu imekujaa.

Hapo wengi wetu hukimbilia kufuta. Tunafuta mazungumzo, tunasafisha na historia ya brauza, ili watu wa nyumbani wasione. Tunaelewa kabisa. Lakini ukifuta, umemfanyia tapeli kazi yake.

Sababu ni hii: SMS yetu ya kuthibitisha inaonyesha pesa ilitoka kwako, ikaenda nambari fulani, saa fulani. Haionyeshi ilienda kwa nini. Mwenye nambari anaweza kusema ulikuwa unamlipa deni. Kinachounganisha pesa yako na ule ukurasa wa mbolea ni alama zilizobaki kwenye simu au kompyuta yako.

Brauza inakumbuka nini?

Ukifungua ukurasa kwenye Chrome, historia huandika jina lake, anwani yake na saa uliyoingia. Orodha hiyo hukaa siku 90, kwa hivyo hata usipofuta, usingoje msimu uishe.

Kama ulitumia dirisha fiche, ukilifunga orodha haibaki. Kama ulitumia app ya Facebook, historia ya brauza huenda isiwe na kitu. Angalia kumbukumbu za shughuli zako ndani ya Facebook yenyewe. Na kama akaunti yako ya Google inaweka rekodi, angalia pia myactivity.google.com.

Ushafuta tayari? Usikate tamaa. Wakati mwingine data iliyofutwa hubaki kwenye kifaa mpaka data mpya iandikwe juu yake, na wataalamu wanaweza kuipata, hasa kwenye kompyuta. Kwa simu za kisasa ni vigumu zaidi. Kwa hivyo usiirudishe simu kama ilivyotoka dukani, na usiipeleke kwa fundi kuiflashi.

Fanya hivi, kwa mpangilio

1. Tupigie sisi mara moja. Pesa ikiwa bado haijatolewa, kuna nafasi ya kuizuia. Weka SMS ya muamala, usiifute.

2. Nakili anwani yote ya ukurasa. Kwenye Chrome bonyeza vidoti vitatu, kisha Historia. Jina pekee halitoshi, maana tapeli hulibadilisha kesho yake. Nambari ya akaunti ikiwa ndani ya anwani, hiyo haibadiliki.

3. Piga skrinishoti nzima nzima. Anwani, tarehe na saa zionekane. Usikate pembeni wala usichore duara jekundu.

4. Andika kwenye karatasi. Nani alipiga skrinishoti, kwa simu gani, lini, na zilichapishwa wapi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinahitaji cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Ushahidi mzuri unaweza kukataliwa kortini kwa kukosa karatasi hiyo.

5. Piga ripoti polisi, uchukue nambari ya OB. Unaweza pia kupigia DCI bure, 0800 722 203. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, mpelelezi anaweza kuomba korti iamuru data itolewe na anayeishikilia. Sisi hatuwezi kukupa jina la mwenye nambari, hata ukilia. Mpelelezi akija na amri, tutampa.

Na kama ulikuwa saiba? Rudi siku hiyo hiyo. Mweleze mwenye saiba kwa heshima, umwombe asisafishe ile mashine. Saiba nyingi hufuta kila kitu mashine ikizimwa, kwa hivyo hapo kila saa ni muhimu.

Tapeli wa pili

Ukilalamika hadharani mtandaoni, atatokea mtu wa kukuambia anaweza "kurudisha" pesa yako ukimlipa kidogo kwanza. Huyo ni tapeli mwingine. Polisi hawahitaji PIN yako, na sisi hatutakuuliza kamwe.

Kutapeliwa si ujinga, hata watu makini hupatikana. Simu ukiiacha kama ilivyo na uripoti leo, mkulima mwingine wa Ziwa au Turbo anaweza kuokolewa kabla hajatuma pesa yake ya mbolea kwa nambari ile ile.