Manju na Kampuni: Kabla ya Kutia Saini



Huku kwetu Usukumani manju hajulikani kwa cheti. Anajulikana kwa watu. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wanacheza siku moja, saa moja, kila kundi upande wake. Watu wanakwenda wanakopendezwa. Upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda, basi. Wazee watasema dawa nayo ina kazi yake. Hilo tunawaachia wao.

Lakini manju huyo huyo, anayejaza uwanja Kishapu au Bukombe, akifika kwenye ofisi ya kampuni hajulikani kabisa. Hana barua, kundi lake halijaandikishwa, na nyimbo zake ziko kichwani tu. Leo tueleze jambo la udhamini. Wengi wanalisikia redioni, wachache wanalielewa.

UDHAMINI NI NINI?

Kampuni inatoa fedha, vifaa au usafiri kwa msanii au timu. Yenyewe inapata nini? Jina lake linatajwa, linaandikwa kwenye fulana, linasikika redioni. Kwa hiyo udhamini si sadaka. Ni biashara ya pande mbili, kama kuuza pamba. Na mwenye kuuza pamba anatazama mizani.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kiliunda bendi yake, Urafiki Jazz. Pamba iligeuka khanga na vitenge, na bendi ikasaidia kuvitangaza. Shirika la Bima la Taifa nalo lilikuwa na Bima Lee. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana tunaiita DDC. Vijana wenye vipaji walipata mshahara kila mwezi, kama fundi wa mashine. Hiyo ilikuwa heshima kubwa. Zamani mpiga gitaa alionekana mhuni tu.

Ila magitaa yalikuwa mali ya shirika. Mwanamuziki akitoka, anatoka mikono mitupu. Mashirika ya umma yalipoyumba, bendi nazo zikayumba. Nyimbo zao bado tunazisikia mpaka leo. Wengi waliozitunga walizeeka bila kitu.

HUKU KWENYE MIGODI

Kwetu makampuni makubwa ni ya madini. Hayo yamedhamini, lakini zaidi mpira. Mwaka 2015 Stand United ya Shinyanga ilipata udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Fedha zilipokuja, ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe ukaja nao: nani hasa mwenye klabu? Udhamini ukakatika. Kule Geita, mgodi wa GGML ulidhamini Geita Gold. Msimu wa 2021/22 mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu, mbele ya washambuliaji wa Simba na Yanga. Hebu fikiri, timu ya Geita!

Kipaji kilikuwepo. Kilichohitajika ni viatu, kocha na nauli.

Sasa, mbona manju hapati nauli? Kwa maoni yetu sababu ni rahisi: mpira unaonekana kwenye televisheni, ngoma ya kijijini haionekani. Kampuni inakwenda penye macho mengi. Lakini iko njia nyingine, na wengi wetu hatuijui.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010, baada ya kurekebishwa mwaka 2017, inautaka mgodi kuandaa mpango kila mwaka wa kuwasaidia wananchi wanaouzunguka. Mpango huo lazima ukubaliwe na halmashauri, kufuatana na mahitaji ya wananchi. Sheria inataja mazingira, jamii, uchumi, na utamaduni pia. Utamaduni umo! Kwa kawaida tunaomba zahanati, madarasa na visima. Ni sawa, mgonjwa hatibiwi kwa ngoma. Lakini hakuna kinachozuia kijiji kuomba pia ngoma mpya za kundi, au mashindano ya wilaya baada ya mavuno. Mahali pa kusema ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Usiposema pale, jambo lako haliwezi kufika kwenye kata, wala halmashauri.

Ila kundi liwe kundi kweli. Liwe na viongozi wanaojulikana, daftari la wanachama na akaunti ya benki. Afisa utamaduni wa halmashauri ataeleza namna ya kujiandikisha kwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Mkumbuke ya Stand United.

KARATASI YENYEWE

Tuseme kampuni imekuja. Imempenda manju, inataka wimbo wake utangaze bidhaa. Wanamletea karatasi mbili tatu na kalamu. Wanamwambia, "Mzee, weka saini hapa tu." Zamani angeweka dole gumba, yakaisha. Leo amehitimu kisomo, anajua kusoma. Basi asome, hata ikimchukua siku mbili. Akae na mjukuu anayesoma sekondari, au mwalimu wa kisomo. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, aombe ya Kiswahili.

Atafute haya: wanalipa kiasi gani, mara moja au kila mwaka? Wimbo utatumika kwa muda gani, na wapi? Jina lake litatajwa? Na kubwa kuliko yote: anawaruhusu kuutumia wimbo, au anawauzia moja kwa moja? Hayo ni mambo mawili tofauti, kama kukodisha shamba na kuliuza. Akiuza, hata kuuimba harusini huenda akahitaji ruhusa yao.

Sheria ya hakimiliki, Namba 7 ya mwaka 1999, inasema wimbo ni mali ya mtunzi tangu siku alipoutunga. Si lazima kwanza uandikishwe. Lakini wakibishana wawili, mwenye ushahidi ana nguvu. Kwa hiyo manju amwombe kijana amrekodi kwa simu, ataje jina lake na tarehe, kisha wapeleke nyimbo COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki. Haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Maana yake wajukuu wanaweza kulipwa kwa wimbo wa babu yao, kama karatasi bado ipo. Iwekwe pamoja na hati ya shamba, mbali na mchwa.