Paka Mwenye Kidonda cha Mguu Kinachojirudia: Hukmu Yake na Tiba Yake



Tumeulizwa kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kuhusu paka anayefugwa kwa ajili ya panya wa ghala la mahindi. Kila baada ya wiki chache hutoka kidonda chini ya mguu, kinapona, kisha kinarudi. Majirani wamemshauri mwenye paka akamtupe usiku kando ya barabara kuu ya Morogoro. Anataka kujua kama atapata dhambi, vipi kuhusu matone ya damu kwenye mkeka wa kuswalia, na kama kuna tiba.

Kumtupa hatumshauri kabisa. Katika Hadiyth ya Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) iliyomo katika Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameeleza kuwa mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Paka mzima akitolewa nje anaweza kuwinda. Huyu hawezi kukimbia, hivyo kumwacha barabarani penye malori ni kumuua polepole. Wanazuoni wa Kimaaliki wamefika hadi kusema kuwa paka kipofu akikimbilia nyumbani kwa mtu na hawezi kuondoka, matumizi yake yanakuwa juu ya mwenye nyumba. Basi vipi paka aliyekulindia mahindi yako?

Ama mkeka: paka mwenyewe si najisi, na dalili yake ni kisa cha Abu Qataadah (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya wudhuu ili anywe, kama walivyopokea Abu Daawuud na At-Tirmidhiy. Lakini hilo linahusu mwili wake na mate yake. Damu inayotiririka ni najisi kwa rai ya wanazuoni walio wengi, kwa hiyo paoshwe kwa maji pale ilipodondoka. Matone machache husamehewa katika madhehebu ya Shaafi'iy, na doa linalobaki baada ya kuosha kwa bidii halidhuru. Hakuna sababu ya kumfukuza paka kwa ajili ya hilo.

Tuje kwenye tiba. Kidonda kinachorudi mahali pale pale mara nyingi kina kitu kilichobaki ndani, au paka anarudi kule kule anakoumia. Kupaka dawa juu bila kutafuta sababu ni kupoteza pesa.

Mfunge paka kwa taulo, abaki na mguu mmoja nje, mtu wa pili ashike tochi. Tazama katikati ya vidole na chini ya wayo. Ardhi ya Dodoma ina mbigili na miiba ya migunga, na kipande kidogo tu kikivunjikia ndani, ngozi hujifunga juu yake, usaha hukusanyika, kidonda hupasuka tena. Bonyeza kila kidole taratibu ukucha utokeze: kwa paka mzee ukucha hujikunja na kuchoma nyama yake mwenyewe. Tazama pia ghalani kwenyewe, kama kuna ncha za bati, misumari au waya anapopita kila usiku.

Kama ni dume, huenda anapigana. Jino la paka mwenzake huacha tundu dogo linalofunga haraka, na baada ya siku chache panakuwa jipu. Kumhasi hupunguza ugomvi. Wanazuoni wamekhitilafiana katika kuhasi wanyama, na wapo wa zama zetu, akiwemo Shaykh Ibn 'Uthaymiyn, walioruhusu kwa paka ikiwa pana haja na hakuna madhara kwake.

Ikiwa ni miguu miwili au zaidi, na nyama za chini ya wayo zimevimba na kulainika kama unga uliokandwa, hayo si ya mwiba. Ni maradhi ya ndani ya mwili, na yanahitaji daktari.

Kidonda chenyewe kioshwe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Kaushia kwa kitambaa safi, na umweke ndani mbali na vumbi kwa siku kadhaa. Bendeji ikibana huzuia damu, bora kuacha wazi. Usimpake Dettol, spiriti wala oili chafu, kwani paka hulamba kila kilichopo mguuni. Wala usimpe Panadol hata kipande: dawa hiyo humuua paka.

Na hapa wenye maghala wazingatie. Baadhi ya dawa za unga za kuzuia dumuzi, kama Actellic Super, zina pamethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Akiikanyaga na kulamba nyayo anaweza kutetemeka na kupata degedege. Siku ya kuchanganya dawa mfungie mbali, na akiwa ameikanyaga muoshe miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Zikipita siku tatu bila nafuu, au akiacha kula, au uvimbe ukipanda mguuni, muone afisa mifugo wa kata. Wengi wao wamezoea ng'ombe na mbuzi, basi msisitizie kuwa ni paka na amkadirie dawa kwa uzito wake. Likishindikana, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) mjini Morogoro kina hospitali ya wanyama, na barabara ni hiyo hiyo walipotaka akatupwe.

Paka mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuhofia kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukibeba.

Wa Allaahu A'lam.