Pima Sebule Kabla ya Kuhesabu Viti

Karibu na Oktoba, wakulima wa majani chai wanapopokea malipo ya mwisho wa mwaka, yale ambayo sote tunayaita bonasi, karakana za makochi hapa Nyaramba hufanya kazi hadi usiku. Pesa iliyochumwa jani kwa jani na kupelekwa kwenye viwanda vya Nyamira kama Sanganyi, Kebirigo na Tombe inageuka mabati, karo na, kwa wengi, viti vipya vya sebuleni. Mteja huingia na swali moja: "Fundi, saba ni pesa ngapi?"

Nami humjibu kwa swali: sebule yako ni futi ngapi kwa ngapi?

Wengi hawajawahi kuipima. Wanajua idadi ya magunia waliyovuna na urefu wa shamba hadi kwenye mpaka wa jirani, lakini chumba wanacholia chakula kila siku hawakijui kipimo chake. Kosa hilo hugharimu, kwa sababu kochi si sufuria ya kurudisha dukani. Mbao zikishakatwa na kitambaa kikishapigwa pini, ni lako.

Tuanze na hesabu yenyewe. Seti ya saba ni kiti cha watatu, cha wawili, na viwili vya mtu mmoja mmoja. Mtu mzima anahitaji kikalio cha inchi 22 kwa upana. Ukiweka mikono minene ya inchi 9 kila upande, kama wengi wanavyopenda siku hizi, kiti cha watatu kinafika inchi 84, yaani futi 7. Cha wawili ni inchi 62, na cha mmoja ni inchi 40. Jumla ya seti nzima ni karibu futi 19 za urefu. Kutoka mgongoni hadi mbele, kiti ni kama futi 3. Basi seti hiyo inafunika karibu futi 57 za mraba.

Sebule nyingi ninazoingia huku ni futi 10 kwa 12, yaani futi 120 za mraba. Saba inameza karibu nusu ya sakafu kabla hujaweka meza, kabati la televisheni wala mtu hajapita. Seti ya tano, yenye kiti cha watatu na viwili vya mmoja, inachukua futi 41 za mraba, kama theluthi. Sebule ikiwa futi 12 kwa 14, hapo saba nayo inashuka hadi theluthi. Kanuni yangu ni hiyo: viti visizidi theluthi ya sakafu. Vikizidi, nyumba inageuka stoo ya makochi.

Mama mmoja kutoka upande wa Ikonge aliwahi kuniambia, "Fundi, nikinunua tano, wageni wa Sabato watakaa wapi?" Ni swali la haki. Kwetu mgeni hasimami, na mama hawezi kupika ugali, mboga na kuku halafu akamkosesha mtu kiti. Lakini nilimwomba afikirie kinachotokea kabla ya chakula. Mtoto hubeba jagi la maji ya moto na beseni, akamfikia kila mgeni aliko, mgeni akanawa. Mtoto huyo anahitaji njia ya futi mbili na nusu. Akikosa kupita, beseni linapitishwa juu ya magoti ya wazee, maji yanamwagikia nguo za kanisani, na heshima uliyotaka kuwapa wageni inapungua. "Mama," nilimwambia, "nafasi ya beseni ni sehemu ya ukarimu wako." Alichukua tano, akaongeza viti vya plastiki vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Wageni wakija vinashushwa, wakiondoka vinarudi kwenye kona.

Kwa hiyo kabla ya kuja kwa fundi, chukua tepu na chaki. Pima urefu na upana wa chumba. Fungua milango yote, wa nje na wa kwenda jikoni au vyumbani, uchore pale inapoishia ikifunguka. Ndani ya mchoro huo hakuna kiti kitakachokaa. Kisha chora kila kiti kwa ukubwa wake halisi sakafuni, na ukiache hivyo siku nzima watu wa nyumbani wakiendelea na shughuli zao. Ukiona kila mtu anakanyaga mstari uleule, hapo ndipo njia ilipo, na kiti hakina budi kusogea.

Angalia pia nafasi ya katikati. Chumba cha futi 10 chenye makochi mawili yanayotazamana kinabakiwa na futi 4. Ukiweka meza ya futi 2, kila upande unabaki na futi moja, inayotosha miguu tu. Hapo ni bora kuacha meza kubwa na kutumia stuli ndogo, kila mgeni na yake.

Ikiwa moyo wako bado uko kwa saba, zungumza na fundi kuhusu mikono. Mkono wa inchi 4 badala ya 9 unaokoa inchi 10 katika kila kiti. Kwenye seti ya viti vinne unapata zaidi ya futi 3, na hakuna aliyepunguziwa kikalio. Kochi la umbo la L nalo huitumia kona ambayo vingine huipoteza, lakini halipendi kuhamishwa. Kwa mpangaji, L inayokaa kushoto leo huenda nyumba ijayo ikaitaka kulia.

Kisha mlango. Mwaka 1966 mwanahisabati Leo Moser aliuliza ni kochi la ukubwa gani linaloweza kupita kwenye kona ya korido, na wataalamu wamelihangaikia swali hilo kwa miongo mingi. Wewe na mimi tutatumia tepu: pima upana wa mlango na wa kila kona ya ndani, umpe fundi namba hizo. Mwambie afunge miguu kwa skrubu, na L aitengeneze vipande viwili vinavyounganishwa kwa nati. Kumbuka vilevile njia ya kufika kwako. Mvua ikinyesha kwenye milima yetu, pikapu inaishia barabarani na kiti kinapanda mlima kwa mabega ya vijana.

Mwisho, acha inchi 3 kati ya mgongo wa kiti na ukuta. Huku mvua haikatiki muda mrefu, na tofali lisilopigwa plasta hunywa maji. Kitambaa kikiegemea hapo kinaota ukungu. Na kama nyumbani kuna mzee mwenye maumivu ya magoti, agiza kikalio chenye urefu wa inchi 18 kutoka sakafuni, aweze kuinuka bila kushikwa mkono.

Bonasi hulipwa mara moja kwa mwaka, na kochi zuri hukaa miaka mingi. Ndugu msomaji, usiagize kwa sababu jirani ana saba. Pima chumba chako, uhesabu watu wanaolala chini ya bati lako, uache njia ya mtoto mwenye beseni, kisha uje tuzungumze bei.